Nani Kasema Nimeacha Maji?

— Dada, mbona umekuja? Si uliandika umeacha?

Mwalimu wa kuogelea alikuwa ukingoni mwa bwawa, kashika kile kiti cha chuma kinachowashusha majini wasioweza kutembea. Kitini humo mtu mwingine alikuwa ameshafungwa mkanda.

— Niache? Mimi? Nani kasema?

Mwalimu akatoa simu, akamsomea:

"Mwalimu, nimeacha. Maji yananitisha. Nafasi yangu ya safari ya ziwani mpe mwingine. Usinipigie, naona aibu."

Namba iliyotuma ilikuwa ya dada mwenyewe. Dada wa watu, fundi cherehani, akaisoma tena kwa macho yake. Miezi saba amejifunza kuelea chali bila kushikwa, kwa ajili ya safari hiyo moja! Na namba ya siri ya simu yake aliijua mtu mmoja tu, mchumba wake.

Akageuza kiti chake cha magurudumu. Bwana yule alikuwa kwenye benchi, kainama, anafunga kamba za viatu ambazo wala hazijafunguka.

— Ni wewe.

— Mpenzi, twende nyumbani tukaongee.

— Tutaongea hapa hapa! Nimekukosea nini?

— Hujanikosea.

— Basi sema, usinimung'unyie maneno!

— Nyumbani unaniita kwa kila kitu. Nishushie kikombe, nigeuze, niinue. Hapa ukishaingia majini hunitazami hata mara moja. Unacheka na wenzako, mimi nimekaa na taulo kama kibarua. Nikaona huyu akizoea, ataniacha.

— Ukaona bora nibaki mzigo?

— Haki ya Mungu nakupenda.

Mwalimu akashindwa kunyamaza.

— Shemeji, ungeniuliza. Kila Jumamosi, kabla sijamshusha, ananiuliza kama umekaa. Siku ile ulipochelewa aligoma kuingia mpaka ulipofika.

Mwanamume akafunika uso kwa taulo.

— Nisamehe. Mwalimu, mrudishie nafasi yake.

— Boti imejaa, shemeji. Safari nyingine mwakani.

Fundi alilia mpaka kwikwi zikambana. Alimpenda, tusidanganyane. Lakini mtu anayeona wivu hata ukicheka, utaishi naye vipi? Akavua pete, akamwekea kiganjani.

— Nipeleke kwa mama.

— Ni... nikuitie teksi?

— Dereva wa teksi hajui kunibeba. Nibebe wewe, iwe mara ya mwisho.

Akamwinua kama alivyomwinua siku zote, mkono mmoja mgongoni, mwingine chini ya magoti. Yeye akamkumbatia shingo, maana angefanyaje? Wakaenda hivyo hadi lilipo gari, kila mmoja analia upande wake.

Mama mkata tiketi wa getini akachungulia dirishani, akapiga makofi.

— Eeh! Wanaume ndio hawa! Mwanangu, huyo usimwachie!