Dudumizi wa Kwenye Mafunjo

Kila asubuhi Safia hufungua mlango wa nyuma na kuanika mikeka yake. Huisuka kwa mafunjo yanayoota ziwani, nyuma ya nyumba yao huko Butimba. Akimsikia dudumizi, huikusanya mbio, maana watu husema ndege huyo huita mvua.

Mwaka huu mafunjo yalizeeka. Yalikatikakatika mikononi mwake. Mumewe, Shaibu, akaja na kiberiti.

"Tuchome, Mama Bushra, kama kila mwaka. Yataota mapya."

"Nimemwona dudumizi akiingia humo na panzi mdomoni," Safia alisema. "Ana makinda."

"Dudumizi? Si wamejaa hapa uani!"

Roho ilimuuma Safia, lakini mikeka ndiyo chakula chao. Akamwita jirani yao Justa, mtaalamu wa ndege.

"Mtazame vizuri, shemeji," Justa alisema. "Yule wa uani ana nyusi nyeupe. Huyu hana, na kichwa chake ni cheusi chenye bluu. Ni ndugu, wote wa ukoo wa kekeo."

"Kekeo si yule anayetagia kwenye viota vya wenzake?" Safia aliuliza.

"Ndiye. Lakini hawa hujenga na kulea wenyewe."

"Wanakaribia kuisha?" Shaibu aliuliza.

"Hapana. Duniani, wote wawili bado hawamo katika hatari ya kutoweka."

Shaibu akacheka. "Basi nichome!"

"Nimesema duniani, shemeji. Wa uani ukimfukuza, atahamia kichaka cha jirani. Huyu wa bluu hupenda majani marefu ya penye maji. Hapa mtaani yamebaki haya yenu tu."

"Na mimi nitasuka nini?" Safia aliuliza.

"Kateni upande mmoja kwa panga. Upande wenye kiota uacheni mpaka makinda waruke. Mwakani mkate huko."

Shaibu alinung'unika kwamba panga linachosha. Hata hivyo, kiberiti alikirudisha jikoni.

Makinda waliruka salama. Upande uliokatwa ukatoa mafunjo marefu, yasiyokatika, na Safia akasuka kwa furaha.

Asubuhi moja dudumizi aliita kutoka kwenye mafunjo. Shaibu alitoka mbio, akaingiza mikeka yote ndani. Wakasubiri. Jua likazidi kuwaka.

"Ndege wako mwongo!" Shaibu alilalamika.

Safia alicheka, akaanza kuianika upya.

"Mwache adanganye," alisema. "Bora tunamsikia."