Upana wa Kidole Kimoja

Kila alipotoka shuleni, kabla hata ya kuvua viatu, Mboni alipita kwanza kwenye banda la matairi la mjomba wake. Jina lake la daftarini lilikuwa jingine. Hili la Mboni alipewa na mjomba, na mtaa mzima ukalidaka.

Sababu yake haikuwa siri. Mjomba alikuwa fundi wa matairi kwa miaka karibu thelathini, lakini miaka miwili iliyopita macho yake yalianza kuingia ukungu. Hospitalini waliambiwa ukungu ule hautatoka, na miwani haitafua dafu. Mikono ilikuwa bado mizima kabisa. Angepapasa tairi mara moja tu, akakuonyesha msumari ulipoingilia. Kilichomshinda ni maandishi. Basi mpwa wake, binti wa miaka kumi na miwili, ndiye aliyemsomea namba.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mboni ya jicho langu. Weka mkoba uje. Leo tumepata mgeni mwenye maringo."

Mgeni mwenyewe alikuwa gari la spoti, jekundu, lililolala chini kama paka anayenyemelea panya. Lilikuwa la daktari wa meno wa mtaa wa pili, yule aliyemng'oa Mboni gego mwaka uliopita. Matairi yake ya nyuma yalikuwa yamekwisha, vipara vitupu. Daktari alikuwa ameliacha tangu asubuhi ya Jumatatu hiyo akaenda kazini kwa miguu.

"Sikiliza vizuri," mjomba alisema, akichuchumaa. "Magari mengi huvaa viatu vya namba moja, mbele na nyuma. Hili halivai hivyo. Injini inasukuma kwa nyuma, kwa hiyo matairi ya nyuma ni mapana kuliko ya mbele. Ukisoma la mbele ukadhani umemaliza, umeniuza. Namba ya kwanza ni upana. Ya pili ni kimo cha ubavu wa tairi. Ya tatu ni rimu. Nisomee zote tatu, za nyuma. Jioni hii naagiza kwenye duka la jumla."

Mboni alichukua kalamu na karatasi. Matairi ya mbele yalisomeka bila taabu: 225, 40, rimu 18. Akaenda nyuma. Mvua ilikuwa imenyesha, na gari lilikuwa limesimama kwenye tope. Upande wa kushoto aliiona 255, kisha mkwaruzo mkubwa. Daktari alikuwa amelisugua tairi kwenye ukingo wa barabara, na namba ya pili ilikuwa imelika yote. Baada ya mkwaruzo ilionekana 18. Upande wa kulia gari lilikuwa limeegeshwa karibu na ukuta, hata mkono usingepenya. Ili kuisoma namba ile, ilimbidi alale chini kwenye tope, aingie uvunguni na tochi, na asome upande wa ndani.

Alilitazama tope. Akaitazama sare yake.

"We Mboni!" Sauti ilitoka barabarani. Alikuwa rafiki yake, nahodha wa timu yao ya mpira wa wavu, na mpira uko kwapani. "Tunakusubiri wewe tu! Wenzetu wameshafika uwanjani."

"Nakuja! Dakika moja!"

"Dakika zako zina miguu ya konokono. Twende!"

Mboni aliwaza upesi upesi. Mbele ni 40. Na nyuma itakuwa nini, kama si 40? Akaandika: 255, 40, 18. Akamsomea mjomba kwa sauti.

"Umesoma matairi ya nyuma yenyewe?"

"Ndiyo, mjomba."

"Yote mawili?"

"Yote mawili."

"Mungu akuweke. Haya, nenda ukacheze."

Alhamisi matairi yakafika, meusi ti, yakinuka upya. Mboni alipotoka shule alimkuta mjomba ameshayavalisha rimu na kuyafunga, gari bado likiwa juu ya jeki. Alipolishusha, alifanya jambo alilolifanya siku zote. Alipitisha mkono kati ya tairi na madigadi, akapima nafasi kwa vidole. Akapima tena.

"Mbona kama limenenepa?" alisema polepole. "Matairi ya zamani vidole viwili vilipita hapa bila hodi. Sasa kinapita kimoja tu." Akageuza uso upande wa mpwa wake. "Mboni, ile namba ya pili ulisema ngapi?"

"Arobaini, mjomba."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Mjomba aliuondoa mkono wake taratibu, akaufuta kwenye suruali. "Basi ni mikono yangu inazeeka nayo," alisema, akajaribu kucheka.

Daktari alikuja, akashukuru, akasema vizuri sana, kwa kuwa Jumamosi alfajiri yeye na mkewe watavuka mlima kwenda ukweni, na mizigo tele. Akaondoka. Mngurumo wa gari ulipofifia, mjomba alimtuma Mboni ayaviringishe matairi ya zamani nyuma ya banda. La pili lilianguka ubavu, upande wa ndani ukawa juu. Tope lilikuwa limekauka. Mboni alilisugua kwa kisigino bila kukusudia chochote, na namba zikajitokeza wazi, kama zimeandikwa jana. 255. 35. 18.

Thelathini na tano.

Alikaa palepale chini, sare au si sare. Kisha akatoa daftari la hesabu. Mjomba alikuwa amemfundisha kwamba namba ya pili ni asilimia ya upana. Asilimia thelathini na tano ya 255 ni milimita themanini na tisa. Asilimia arobaini ni mia moja na mbili. Tofauti yake ni milimita kumi na tatu. Aliweka rula juu ya kidole chake cha shahada. Kilikuwa hichohicho: upana wa kidole kimoja. Mkono wa mjomba ulikuwa umesema kweli, na yeye ndiye aliyeukanusha.

Kusema ni kutamka maneno mawili tu, "mjomba, nilikudanganya." Lakini usiku ule alikwenda kulala bila kuyatamka. Ijumaa, wakati wa mapumziko, alimweleza nahodha.

"Kidole kimoja?" nahodha alisema. "Si kitu hicho. Gari si limeondoka vizuri?"

"Limeondoka na mtu mmoja, bila mzigo."

"Sasa utafanya nini? Kliniki yenyewe leo imefungwa, daktari anajiandaa na safari. Nyumbani kwake unapajua?"

"Sipajui."

"Basi omba Mungu."

Mboni aliomba. Lakini hata akiomba alijua kwamba anachokwepa ni kufungua mdomo. Namba ya simu ya daktari ilikuwamo kwenye simu ya mjomba, na mjomba alikuwa chumba cha pili.

Jumamosi saa tatu asubuhi simu ya mjomba iliita. Kwa ajili ya macho yake, mjomba aliiweka daima kwenye spika. Mboni alikuwa akifagia banda.

"Fundi, tuko mlimani," sauti ya daktari ilikuja na kwenda. "Kila nikipita kwenye shimo, nyuma kunasugua. Na kuna harufu ya mpira unaoungua. Tairi lako lina nini?"

Mjomba alikunja uso. "Daktari, tairi ni saizi yake, imesomwa na kuhakikishwa. Nadhani springi zimelegea, na mzigo umezielemea. Punguza mwendo, teremka polepole mpaka mji ule wa bondeni. Pale kuna gereji, watakuangalia."

"Sawa, nitajari—" Simu ikakatika.

Ufagio ulimtoka Mboni mkononi. Alikuwa ameuona mteremko ule mara moja, kona juu ya kona, na korongo upande mmoja.

"Mjomba, asiteremke!" Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine. "Si springi. Ni tairi. Ni kubwa mno. Nilikudanganya, mjomba, sikuisoma ile namba. Ilikuwa imekwaruzika. Niliikisia. Juzi nikaiona, ni thelathini na tano, nikanyamaza."

Mjomba hakugomba. Ilikuwa afadhali angegomba. Alinyoosha simu mbele yake. "Piga," alisema. "Piga upesi."

Mboni alipiga. Namba haikupatikana. Akapiga tena. Mtandao wa mlimani huja na kupotea, kila mtu alijua hilo. Alipiga mara kumi, mara ishirini, na kila mara sauti ileile ya mashine, tulivu kama isiyo na haraka ya kufika popote, ilimwambia ajaribu baadaye. Hakukuwa na gari la kuwakimbilia, na hata lingekuwapo, mlima uko mwendo wa saa mbili. Hakukuwa na chochote cha kufanya. Kila kitu cha kufanya kilikuwa Jumatatu, chini ya gari, kwenye tope, na Jumatatu ilikuwa imekwenda zake.

Mjomba aliketi juu ya rundo la matairi, mikono mapajani. "Niliwaambia wateremke," alisema kwa sauti ya chini. "Mkono wangu uliniambia, nikaukatalia. Mimi ndimi niliyewaambia wateremke."

"Si wewe, mjomba. Ni mimi."

"Sauti waliyoisikia ni yangu."

Mteja mmoja alikuja na baiskeli, akawatazama, akaondoka. Mboni aliendelea kupiga mpaka kidole kikafa ganzi.

Ilikaribia saa tano simu ilipoita. Mjomba aliinuka kama aliyechomwa.

"Daktari! Mko wapi? Mko salama?"

"Tuko salama, kwa ukaidi wa mke wangu," daktari alijibu. "Simu ilipokatika alikuwa ameshashuka. Alisema gari linalonuka haliingii tena, hata nimwite mama. Tumekaa juu ya jiwe saa nzima. Sasa dereva wa lori la kuvuta magari ametukuta, ametufikisha bondeni na gari liko mgongoni kwake. Fundi, njoo ulione tairi hili. Limelika mpaka nyuzi zinaonekana. Tungefika kona ya pili, sidhani kama ningekupigia."

Mboni alikaa chini akalia. Hakulia kwa furaha peke yake. Aliyewaokoa alikuwa mwanamke aliyekataa kupanda gari. Yeye hakuwa amemwokoa mtu.

Jumatatu iliyofuata, ambayo kwa bahati ilikuwa siku ya mapumziko ya shule, matairi mengine yalifika. Mjomba na Mboni wakapanda basi wakayapeleka bondeni. Mlangoni pa gereji daktari alikuwa akisubiri, uso umekunjamana. Mjomba alifungua mdomo kueleza, lakini Mboni alitangulia.

"Shikamoo, daktari. Mjomba hakukosea. Mimi nilipewa kazi ya kusoma namba, nikaandika ya kubuni. Kisha nikajua, nikanyamaza siku mbili. Naomba radhi."

"Nilipokung'oa lile gego ulisema halikuumi," daktari alisema. "Na lilikuwa limeoza mpaka mzizi. Una tabia ya kusema mambo ni sawa hata yasipokuwa sawa, binti. Mke wangu yuko ndani. Nenda kamwambie yeye pia, maana yeye ndiye aliyekaa juu ya jiwe."

Mboni alikwenda. Hilo lilikuwa gumu kuliko la kwanza, na mama yule hakumrahisishia. Alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimekusikia," basi.

Aliporudi, mjomba alikuwa ameweka matairi mapya chini. Mboni alipiga magoti, akasoma kila tairi pande zote mbili kwa sauti: mia mbili hamsini na tano, thelathini na tano, kumi na nane. Mjomba alifunga, akashusha jeki, akapitisha mkono. Vidole viwili vilipita. Daktari na mkewe wakapakia mizigo wakaondoka.

Njiani kuelekea stendi, mjomba alimshika bega, kama alivyozoea penye watu wengi.

"Sikuchukia kwamba hukuisoma ile namba," alisema. "Ilikuwa haisomeki. Ungeniambia, 'mjomba, haisomeki,' ningelisogeza gari, au ningempigia daktari, au ningelala mimi kwenye tope. Neno 'sijui' halijapasua tairi hata moja. Lakini ukiniambia ndiyo na siyo ndiyo, mimi sina pa kuhakikisha. Mtu asiyeona hushika anachoambiwa. Na si mimi tu. Yule mama naye alikaa ndani ya gari akiamini kuna mtu ameangalia. Kila mtu yuko gizani mahali fulani, Mboni, na anaongozwa na neno la mwenzake."

Mboni alimwongoza wakalikwepa dimbwi la maji.

"Na nikikosea tena, mjomba?"

"Utakosea," alisema mjomba. "Niambie tu kabla gari halijaondoka."