Pigo Moja Juu ya Kabini

Mimi ni mekanisie, fundi wa magari. Miaka thelathini nimekula jasho la mafuta na chuma hapa Kalemie, na nikwambie mapema: maneno ya uchawi yananichosha. Mtu hafungi boloti vizuri, gurudumu linatoka, anasema shangazi yake amemloga. Aka! Nimefukuza wengi garajini kwangu kwa maneno ya namna hiyo. Kwa hiyo usifikiri unasikiliza mtu mwepesi wa kuogopa. Haya yalinipata mimi mwenyewe, Néhémie, mchana kweupe.

Ilikuwa mwaka wa themanini na nne, Jumanne moja ya kiangazi. Mke wangu Bibiane alikuwa nyuma ya nyumba anaanika dagaa, anagombana na kuku. Mimi nilikuwa nakunywa chai yangu garajini, mbele ya nyumba. Papa Apollinaire akaingia na kamionete yake ya buluu, gari ndogo yenye sanduku wazi nyuma, ile aliyokuwa akipakia samaki kupeleka Nyunzu na kurudi na unga. Matanga ya mke wake, Henriette, yalikuwa yameondolewa juzi tu. Hakushuka. Alikaa kwenye usukani, kichwa kimenyolewa, macho yamevimba, akanitazama kama mtu aliyesahau alichokuja kufanya.

"Papa Néhémie," akasema, "hii gari inatetemeka. Nataka inyamaze. Kabisa."

"Itanyamaza. Hiyo njo kazi yangu."

"Apana, unisikilize muzuri. Nataka nijue kama ilikuwa gari, ao ilikuwa Henriette."

Nikaweka kikombe chini.

Kila mtu aliyewahi kupanda juu ya mizigo kwetu anajua lugha ya kabini. Dereva hakusikii ukiita, upepo unachukua sauti. Basi unagonga bati juu ya kichwa chake. Pigo moja, simama. Mapigo mawili, twende. Hata mtoto anayenyonya ni kama anazaliwa anajua.

Henriette alikuwa kwa mama yake, kwenye njia ya Nyunzu, mimba ya miezi saba, damu ikaanza kutoka. Apollinaire akamlaza nyuma ya kamionete juu ya godoro, maana hakuweza kukaa. Dada zake walitaka kupanda naye, yeye akakataa, akasema gari ikijaa watu itaenda polepole. "Nitapiga kama kuna kitu," alimwambia mume wake. Hayo yalikuwa maneno yake ya mwisho hapa duniani.

Apollinaire akaendesha. Kila alipofika kilomita sitini kwa saa, alisikia juu ya kichwa chake: ko-ko. Mawili. Ko-ko, ko-ko. Twende, twende. Akafikiri mke wake anamhimiza. Akakanyaga. Hakusimama hata mara moja mpaka hospitali, na alipofungua nyuma, Henriette alikuwa amekwisha kupoa.

Kwenye matanga, Casimir, kaka yake Henriette, alisimama mbele ya watu wote akamuuliza: "Dada yangu alipiga mara moja ao mara mbili?" Tangu siku ile watu walianza kunong'ona sokoni kwamba Apollinaire alimtoa mke wake kafara ili biashara yake ipande.

"Kama ilikuwa gari njo inapiga," akaniambia pale garajini, "basi Henriette alilala tu, akaenda katika usingizi. Lakini kama ilikuwa yeye, labda alipiga moja moja ananiita nisimame, mimi nikasikia mbili, nikamuacha afe peke yake. Utengeneze, Papa. Ikinyamaza, nitajua."

Nilitaka kulia. Nikatafuta funguo zangu za kufungulia boloti.

Siku nzima nilifanya kazi. Niliinua kamionete juu ya magogo, nikazungusha gurudumu moja moja kwa mkono. Gurudumu lenye upande mzito huwa linasimama na upande huo chini kila mara. Mashine ya balansi sikuwa nayo, lakini ziwa liko hapa na wavuvi wako hapa: nilichukua risasi za nyavu, nikazifua kwa nyundo, nikazibandika kwenye jante, ule mzingo wa chuma wa gurudumu, upande ulio mwepesi. Resori ya nyuma, ile springi ya majani ya chuma, ilikuwa imevunjika jani la pili, nikabadilisha. Amotisa zote mbili, zile zinazozuia gari kurukaruka, zilikuwa zinatoa mafuta, nikatoa nyingine kwenye gari bovu lililolala uani. Kila nilichokamata kilikuwa na kasoro kidogo, na nilifurahi, maana kila kasoro ilikuwa habari njema kwa Apollinaire.

Kisha nikaingia chini, nikatazama kardani.

Kardani ni ile bomba ndefu inayopeleka nguvu za motere kwenye magurudumu ya nyuma. Ni vipande viwili, kimoja kinaingia ndani ya kingine, na uma za chuma zilizo kwenye ncha zake lazima zitazame upande mmoja. Ndiyo maana mekanisie anachora mstari wa chaki kabla ya kuitenganisha. Ukiikosea, gari inakwenda vizuri polepole, lakini ukifika mwendo mkubwa, inaanza kupiga.

Uma hazikutazama upande mmoja.

Miezi mitatu nyuma, mtu aliitenganisha kardani ile abadilishe msalaba wake, kile chuma cha kiungo. Alichora chaki yake vizuri. Halafu akaosha vyuma kwa esansi ya motere, chaki ikaenda na uchafu, akairudisha kwa macho tu kwa sababu njaa ilikuwa inamuuma na Bibiane alikuwa anaita. Mtu huyo ni mimi. Na Apollinaire aliporudi kuniambia gari inatetemeka kwenye sitini, nilicheka. "Ni barabara, Papa," nilimwambia. "Uiambie serikali." Loo! Mdomo wangu huu.

Nililala pale chini nikashindwa kutoka. Mama wa watu alikufa juu ya godoro, na sauti yake ilifunikwa na kazi ya mikono yangu.

Juu yangu, kwenye kabini, kitu kikagonga. Mara moja.

Motere ilikuwa imezimwa. "Nani?" nikauliza. Nikatoka nikitambaa. Hapakuwa na mtu garajini. Nikajiambia ni bati, bati likipata jua linalia. Lakini kamionete ilikuwa kivulini tangu asubuhi.

Nikazilinganisha uma za kardani, nikakaza kila boloti. Kesho yake Apollinaire alikuja, akauliza ugonjwa ulikuwa wapi.

"Balansi ya magurudumu," nikasema.

Sikuthubutu, ndugu yangu. Sikuthubutu.

Tukaenda kuijaribu saa nne asubuhi. Aliniomba nipande nyuma, pale alipolala Henriette. "Nikisikia kitu, utaniambia ni nini," akasema. Ningekataa vipi? Nikapanda. Nikakaa juu ya mbao, mgongo kwenye kabini, mikono juu ya magoti.

Tulitoka mjini tukashika njia ya Nyunzu, sehemu ile iliyonyooka, ambako greda ilikuwa imepita. Arobaini. Kamionete ilikuwa inakwenda kama maji. Hamsini. Nilisikia hata kamba ikisugua ubao. Sitini. Hakuna ko-ko. Hakuna kitu. Nikaanza kutabasamu peke yangu kama mjinga.

Halafu upepo ukakatika.

Gari bado ilikuwa inakimbia, vumbi bado lilikuwa linapanda, lakini upepo sikuusikia tena usoni. Nikasikia pumzi. Karibu. Pumzi fupi za mtu mwenye maumivu. Nikatazama kushoto. Mbao tupu. Kulia. Tupu.

Ko.

Mara moja. Juu ya kichwa cha Apollinaire.

Breki. Vumbi likatupita, likatufunika. Mlango ukafunguka. Apollinaire akaja nyuma polepole, mkono mmoja ukishika ubavu wa gari.

"Papa Néhémie," akanong'ona. "Ni weye ulipiga?"

Mikono yangu ilikuwa bado juu ya magoti. Naapa kwa watoto wangu. Nilimtazama yule mtu na nikaona kwamba nikisema apana, hatafika nyumbani. Atajitupa ziwani kabla ya jua kuzama. Nami nilikuwa najua kilichomziba masikio siku ile.

"Ni mimi," nikasema.

"Kwa nini?"

"Nataka kukojoa, Papa. Ni uzee."

Akakaa chini pale pale katikati ya barabara. Akalia kwa sauti, kama wanawake wanavyolia kwenye kilio, na katikati ya machozi alikuwa anacheka. "Basi ilikuwa gari," akarudia. "Ilikuwa gari tu. Muke yangu alilala." Mimi nikaenda kwenye majani nikajifanya nakojoa. Sikuwa na tone. Nilitapika chai yote.

Niliporudi, alinishika mkono wa kuume anishukuru. Akaugeuza, akautazama.

"Pole, Papa. Ulipiga na nguvu sana."

Vifundo vya vidole vitatu vilikuwa vimechubuka mpaka nyama. Damu ilikuwa inashuka kwenye kiganja. Ndani ya vidonda kulikuwa na rangi ya buluu.

"Henriette hangeweza kupiga hivi," akasema, karibu kwa furaha. "Siku ile hakuwa tena na nguvu."

Nilikaa mbele naye mpaka mjini, mkono nimeuficha ndani ya shati. Kabla ya kuagana nilipanda tena nyuma nikalitazama bati la kabini. Rangi ilikuwa nzima, bila mkwaruzo hata mmoja. Jioni Bibiane aliosha vidonda kwa maji ya chumvi, kisha kwa petroli ya taa, akanigombeza kwa uzembe. Vidonda vilifunga baada ya wiki mbili. Buluu haikutoka, iko chini ya ngozi, unaweza kuiona ukiniomba.

Apollinaire aliishi miaka saba mingine. Casimir alimsamehe, watu sokoni walinyamaza. Kila Noeli aliniletea samaki mkubwa, akaniambia mbele ya wageni kwamba mimi njo nilimrudishia usingizi. Nilikula samaki wale. Mara nyingi nilifungua kinywa nimwambie habari ya kardani. Nikamwambia asante.

Tulimzika siku ya Alhamisi. Kamionete alikuwa ameshaiuza kwa mtu wa Manono, miaka minne kabla ya kufa; ilikuwa mbali huko. Ijumaa asubuhi Bibiane aliniamsha kwa sauti ndogo, akanyoosha kidole kwenye shuka. Kulikuwa na damu. Vifundo vya mkono wangu wa kushoto vilikuwa vimechubuka, vyote vinne, na ndani yake kulikuwa na rangi ya buluu, mbichi, inanuka bado. Nikajua Henriette amekwisha kumwambia mume wake habari ya kardani.