Baba Hajasafiri

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Elsie alitumwa dukani na sarafu mkononi. Alikuwa darasa la sita, mrefu wa miguu na mfupi wa subira, na duka la Mzee Mahmud pale mjini Voi alilijua kama jikoni kwao. Alijua pia desturi yake. Mteja akiomba sukari, Mzee Mahmud alipima kwanza, akaifunga kwenye gazeti, ndipo akanyoosha mkono kupokea pesa. Ila kwa Elsie maneno yalikuwa mengine.

"Weka kwanza," Mzee alisema, akigonga meza kwa kidole.

Elsie aliweka sarafu. Mzee alizihesabu mbele ya watu, kisha ndipo akagusa mizani. Rayhana, mjukuu wake aliyesoma darasa moja na Elsie, alijifanya anapanga viberiti. Elsie aliona afadhali angemcheka.

Sababu ilijulikana mtaa mzima. Baba yake, Thadeus, fundi wa kujenga, alikuwa amekopa kwa miaka mingi katika maduka ya barabara ile, likiwemo la Mzee Mahmud. Wenye maduka walipokuja kudai, alijificha nyuma ya nyumba, na Elsie akiwa bado mdogo alitumwa mlangoni kusema, "Baba amesafiri." Alisema vizuri, bila hata kupepesa macho. Ikafika mahali watu wakatania kwamba Thadeus amesafiri kuliko gari moshi. Hata kanisani familia ilikwenda kwa njia ya nyuma, kando ya reli, ili isipite mbele ya maduka.

Mwaka huo wa 1997, Thadeus alikuwa amelipa. Alijenga matangi ya maji huko Mbololo, hakujinunulia hata shati, na madeni yote yakaisha. Elsie alitarajia mambo yabadilike siku iyo hiyo. Hayakubadilika.

"Babu, si tulimaliza kulipa?" aliuliza asubuhi moja, mashavu yakimchoma.

"Mlimaliza, mwanangu," Mzee Mahmud alijibu. "Deni limekwisha. Lakini nikisikia jina la babako, bado naukumbuka ule mlango uliofungwa."

Wakati huo Mama Elsie, Nthambi, alitaka kuanza kupika mandazi ya kuuza kwenye steji ya magari. Alihitaji bandali zima la unga, furushi la pakiti nyingi, na pesa za bandali hakuwa nazo. Alikwenda mwenyewe kumwomba Mzee Mahmud. Mzee alifikiri sana, akampa pakiti mbili tu. Pesa za pakiti hizo ziletwe kila Ijumaa kabla ya magharibi, halafu apewe nyingine. Wakishika ahadi mpaka shule zifungwe, watapata bandali. Wakivunja, asisikie tena habari ya mkopo.

Kupeleka pesa ikawa kazi ya Elsie. Ijumaa baada ya Ijumaa alifika jua likiwa bado juu, akitembea kama mkaguzi wa shule. Mandazi ya Mama yalipendwa, na nyumbani kulianza kusikika vicheko.

Kisha mvua za Elnino zikanyesha. Mto Voi ukafurika, magari yakakwama, steji ikabaki tupu, na paa likavuja juu ya unga. Ijumaa hiyo Mama alihesabu pesa, akahesabu tena. Zilikuwa nusu.

Thadeus alikuwa ameketi akiutazama mlango. "Labda usiende leo," alisema kwa sauti ndogo. "Mzee akija kuuliza, mwambie..."

Hakumaliza. Elsie alilijua neno lililobaki.

"Nimwambie nini, Baba?"

Elsie akachukua zile pesa, akatoka. Penye njia panda alisimama mvuani. Njia ya nyuma ilikuwa palepale, kimya, haina mtu wa kumuuliza neno. Alitamani sana kuifuata. Akashika barabara ya maduka.

Dukani watu walikuwa wamejaa, wakijikinga mvua. Mzee Mahmud alizitazama pesa.

"Hizi hazijatimia. Babako yuwapi? Amesafiri?"

Mtu mmoja akacheka. Neno lilimjia Elsie mdomoni lenyewe, kwa mazoea. Alilimeza.

"Hajasafiri. Yuko nyumbani. Unga umelowa, na steji haina watu. Hizi ni nusu, babu. Nyingine tutaleta Jumanne."

"Alivyosema mtoto ndivyo ilivyo," sauti ilisema nyuma yake.

Alikuwa Thadeus, matope hadi magotini, kofia ikimwaga maji. Alikuwa amepita mbele ya maduka yote. "Mimi niko, Mzee Mahmud. Jumanne utaniona."

Mzee akaichukua ile nusu. "Jumanne," alisema.

Thadeus alipata kibarua cha kuzoa matope barabarani. Jumanne, Mzee alipofungua mlango wa duka, alimkuta nje amesimama na pesa. Na Ijumaa zilizofuata hawakukosa hata moja.

Wiki ya kufunga shule, Elsie na baba yake walikwenda dukani pamoja. Elsie aliomba sukari, akaweka sarafu mezani kama kawaida. Mzee Mahmud alizirudisha kwake.

"Subiri. Sijapima."

Elsie hakuelewa. Rayhana akacheka wazi, kwa furaha. "Anapima kwanza, Elsie!"

Mzee alifunga sukari, kisha akaburuta bandali la unga hadi miguuni pa Thadeus.

"Mwanangu," alimwambia Elsie, "siku mlizolipa nilifurahi, lakini mwenye pesa mkononi kulipa ni rahisi. Nilitaka kujua mtafanya nini siku mtakapokosa. Mlikuja, mkasema kweli, mkataja siku, na siku hiyo babako akaonekana. Jina zuri hurudi hivyo. Ukikosa, usijifiche."

Elsie aliona fahari. Thadeus alibeba bandali begani, akapita katikati ya barabara ya maduka, polepole, akimsalimu kila mtu.

"Thadeus," mwenye duka mmoja aliita, "na mzigo huo, unasafiri?"

"Hapana," Thadeus alijibu kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya pili. "Naenda nyumbani."