Gunia Lililobaki na Maganda

Adyero alisali kwanza, kisha akawasha makaa. Hata mvua ingepiga mabati namna gani, utaratibu huo hakuubadilisha. Aliishi Nsambya, chini ya kilima cha misheni, karibu na nyumba za polisi. Mume wake alikuwa askari, na sasa ni miaka sita tangu amzike. Mwanawe Kidega naye ni askari. Alipohamishiwa Moroto alimwachia mama yake bintiye mdogo wa miaka minne, jina lake Amony.

Sufuria aliyoteleka Adyero kila asubuhi haikuwa ya Amony peke yake. Ilikuwa ya watoto ishirini na wanne wa mtaa ule. Siku za korona, mji ulipofungwa na watu wakalala njaa, wanawake tisa waliunda kikundi. Wakakiita Chungu Kimoja. Walipanda sukuma wiki na dodo, yaani mchicha, ndani ya magunia ya udongo kando ya kuta. Wakati wa mavuno walikusanya mahindi na karanga za kuweka akiba. Kila mtoto alikunywa kikombe cha uji kabla ya shule, na ndani yake kijiko kimoja cha odi.

Odi ni karanga zilizokaangwa na kusagwa mpaka zikawa laini kama siagi. Kwa Waacholi wa kaskazini, watu wa kwao Adyero, nyumba isiyo na odi ni nyumba yenye huzuni. Amony alikuwa amekondeana kwa malaria, mikono kama vijiti. Tangu aanze kijiko kile, alianza kushika mwili. Nesi alimwambia Adyero, "Usimkatishe." Adyero alimshukuru Mungu, akashika neno hilo.

Ghala la kikundi lilikuwa chumba chake cha nyuma. Ufunguo aliuvaa shingoni pamoja na rozari.

Mwezi wa nane, kaka yake Odur alituma magunia matatu ya karanga kwa basi kutoka Kitgum. Zilikuwa na maganda yake, kavu, zinalia ukizitikisa. Zingewatosha watoto mpaka mavuno mengine. Ijumaa wanawake wakakaa uani kumenya. Kufika saa sita, vidole vilikuwa vimevimba.

"Tunyunyize maji kidogo," alisema Adyero. "Nyumbani mama alifanya hivyo. Ganda linalegea, mikono inapona."

Wakanyunyiza. Kweli kazi ikakimbia. Jumamosi jioni magunia mawili yalikuwa yamemenywa, yamejazwa, yamefungwa kamba. Wakayasimamisha sakafuni, yameegemea ukuta. La tatu halikupata nafasi chini. Wakalipandisha juu ya kitanda cha mbao cha marehemu.

Hapo ndipo alipofika Nelima, mama yake Travis. Yeye ni Mkenya wa Bungoma, anauza nafaka Kabalagala, na siku mbili zile alikuwa sokoni.

"Limebaki gunia moja tu?" aliuliza. "Kesho tunamaliza."

"Kesho ni siku ya Bwana," alisema Adyero. "Ghala halifunguliwi."

"Mama Kidega, gunia moja. Mungu atageuka upande mwingine kidogo."

"Yeye mwenyewe aliumba dunia akapumzika. Wewe Mama Travis una kazi nyingi kuliko Yeye?"

Wanawake wakacheka. Nelima akacheka pia, akaondoka anatikisa kichwa. Jumatatu shule zikafunguliwa, kila mtu akashikwa na yake. Gunia la tatu likabaki na maganda yake.

Baada ya wiki tatu odi ya zamani iliisha. Adyero akafungua gunia la kwanza. Harufu ilimpiga kama ya nguo iliyolala na maji. Akaingiza mkono. Ndani kulikuwa na joto. Karanga zilikuwa na vumbi la kijani. Akafungua la pili. Ni yale yale.

Alikaa chini. Kazi ya kulinda chakula cha watoto alipewa yeye. Angewaambia nini wenzake? Na kutupa chakula, kwao, ni kumtukana aliyekupa. Akachambua. Nzuri akaziweka upande mmoja. Za ukungu akazisugua kwa kitambaa, akazikaanga sana mpaka zikawa nyeusi nyeusi.

"Moto unasafisha," alijiambia. Akazisaga, akatia chumvi. Harufu ikawa nzuri. Hakumwambia mtu.

Kesho yake asubuhi Nelima alileta sukuma. Kama kawaida yake, alichovya kidole kwenye bakuli la odi. Akaonja. Akatema.

"Chungu hii. Karanga gani hizi?"

"Ni zile zile za Odur."

"Mama Kidega, niangalie. Zilikuwa na ukungu?"

Adyero aligeuza macho kwenye sufuria. Amony alikuwa amekwisha kuketi kwenye kigoda, ameshika kikombe kwa mikono miwili, anapuliza uji upoe. Nelima aliinama akakichukua. Mtoto akalia.

"Nisamehe, mtoto wangu," Nelima alimwambia. "Bora ulie." Kisha akamgeukia Adyero. "Mimi niliona mpakani lori zima la mahindi linakataliwa kwa sababu ya ukungu huu. Kulikuwa na wanaume wanalia. Wakati ule sikuelewa vizuri kwa nini. Acha nimwite Hajati."

Asubuhi ile watoto walikunywa uji mtupu.

Hajati Rashidah alifika kwa bodaboda kutoka Kibuli. Yeye hufundisha vikundi vya wakulima wa mjini. Kikundi kizima kilikuwa kimekusanyika uani. Alitazama karanga, hakuonja.

"Nyabo, ukungu huu unatoa sumu," alimwambia Adyero taratibu, kwa heshima. "Inaitwa sumukuvu. Haionekani kwa macho. Inaharibu ini. Mtoto akiila kidogo kidogo kila siku, anadumaa, na ugonjwa unamshika haraka."

"Nilizikaanga sana," alisema Adyero.

"Moto wa jikoni hauiui."

"Na hizi nilizochambua? Hizi ni safi."

"Zimelala gunia moja na zile. Ukungu unaanza kabla hujauona. Hapana."

"Basi tuwape kuku."

"Kuku nao wataumia, na wewe utakula mayai. Dada yangu, chimba shimo."

Mwanamke mmoja akauliza, "Zilifika kavu. Maji yametoka wapi?"

Adyero alishika rozari. Angeweza kusema paa linavuja. Mvua zilikuwepo, wangeamini.

"Ni mimi niliyesema tunyunyize maji," alisema. "Na jana niliuona ukungu, nikauficha. Niliona haya. Amony angekuwa wa kwanza kuunywa." Akavua ufunguo, akaunyosha mbele yao.

Hakuna aliyeupokea.

"Mama yako alilowesha karanga za nini?" aliuliza Rashidah.

"Za kupanda."

"Na alizipanda lini?"

"Kesho yake."

"Basi mama yako hakukosea. Mbegu inaingia ardhini kesho, maji hayana shida. Lakini karanga ya kuwekwa ghalani ikiloweshwa, umeikaribisha sumu. Wewe ulichukua desturi ya shamba ukaileta ghalani. Wengi wanafanya hivyo."

"Na sisi wote tulikuwa tunanyunyiza," alisema mwanamke mwingine. "Vaa ufunguo wako."

Wakachimba shimo, wakamwaga magunia mawili na odi yote. Adyero alilia alipofukia. Ndipo Rashidah, aliyechungulia ghalani, akauliza, "Na lile la kitandani?"

Walikuwa wamelisahau. Rashidah akachukua karanga moja, akaitikisa karibu na sikio. Ikalia. Akaivunja kwa vidole. Ndani ilikuwa safi, ngozi yake ya waridi inang'aa. Akavunja ishirini kutoka pande zote za gunia. Zote nzima.

"Hili liko salama. Halikupata maji, ganda lake limelilinda, na mbao zimelitenga na unyevu wa saruji. Nani aliyezuia lisimenywe?"

Wanawake walimtazama Nelima, aliyetaka limenywe. Nelima alitazama chini.

"Jumapili," alisema.

Wakacheka mpaka Amony akacheka pia, bila kujua kwa nini.

Tangu siku ile Chungu Kimoja wana njia yao. Karanga zikifika, wanazianika juu ya turubai, si juu ya udongo. Wakiona wingu wanazifunika. Wanamenya zikiwa kavu, na zile za kuliwa wiki moja tu. Vidole vikiuma wanapumzika, maana hakuna anayewakimbiza. Yenye ukungu, iliyosinyaa au iliyotobolewa hailiwi na mtu wala kuku. Magunia yanakaa juu ya mbao, mbali na ukuta, na dirisha linafunguliwa jua likiwaka.

Gunia moja halikutosha kama matatu. Kijiko kikawa nusu kijiko. Nelima akaleta simsim ya kuongezea, wengine wakaleta maharage. Odur alipopewa habari hakumlaumu dada yake. Alituma gunia jingine, akasema kwa simu, "Hili usilioshe."

Mwezi wa kumi na mbili Amony alipimwa. Nesi aliangalia mizani mara mbili, akaandika, akatabasamu. Adyero alirudi nyumbani kwa miguu amembeba mgongoni, ingawa sasa ni mzito. Njia nzima alisema, "Apwoyo, Rwot." Asante, Bwana.

Na kila Jumamosi jioni, kazi ikimalizika, ni Nelima anayekusanya turubai na kufunga mlango wa ghala. Hutikisa kitasa kuhakikisha. Kisha humvisha Adyero ufunguo shingoni.

"Kesho hakuna kumenya," husema. "Hata moja."