Mkwaruzo Chini ya Mkanda

Kila Ijumaa ya likizo, siku ya soko la Bwera, Shadiah alifungua kibanda cha saa pamoja na baba yake, fundi Muhamood. Alifagia, akatandika kitambaa laini mezani, kisha akakaa nyuma kabisa, juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mezani palikuwa na kiti kimoja tu, cha fundi. Shadiah alikuwa na miaka kumi na miwili, na hakutamani kitu duniani kama kiti chake mwenyewe pale mezani.

"Siku utakapobadilisha mkanda wa saa ya mteja bila kukwaruza kasha lake la chuma," baba alikuwa amemwahidi, "nitamwagiza seremala akutengenezee kiti." Shadiah akafanya mazoezi kwenye saa mbovu mpaka vidole vikaota sugu.

Ijumaa hiyo alikuja Nesi Gorret, mkunga wa Kisinga, mama mcheshi aliyejulikana soko zima. Aliivua saa yake ya miaka mingi.

"Fundi, saa hii nampa binti yangu Immy. Jumatatu anaanza kazi ya unesi Kasese. Weka mukanda mupya, nitarudi saa nane."

"Leo ataweka Shadiah," alisema baba. Moyo wa Shadiah ukaruka kwa furaha.

"Kinatangulia nini?" baba akamuuliza, akivaa kofia yake kwenda sala ya Ijumaa.

"Selotepu kwanza, bisibisi baadaye."

Selotepu hubandikwa kwenye pembe za kasha, pale mkanda unaposhikiliwa na pini, ili bisibisi ikiteleza isiumize chuma. Lakini siku hiyo ncha ya selotepu ilijificha. Shadiah aliizungusha, akaikwangua kwa ukucha, akaizungusha tena. Mwisho uvumilivu ukamwishia. Mkono wangu si umeshazoea, akajisemea, akaiweka selotepu kando.

Pini ya kwanza ilitoka vizuri. Ya pili ilikuwa ngumu. Akaisukuma kwa nguvu, bisibisi ikateleza, na mstari mwembamba ukang'aa kwenye pembe ya kasha. Shadiah alitamani ardhi ipasuke immeze.

Akaweka mkanda mpya. Alipomaliza, mstari haukuonekana tena, kwani mkanda uliufunika wote. Akaigeuza saa huku na huku. Kisha akakitazama kiti cha baba, akaona chake kitakavyopendeza kando yake. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu.

Baba na Nesi Gorret walifika pamoja. Nesi akaivaa saa, akaunyoosha mkono. "Wasingya, mutoto wangu. Inapendeza sana."

Shukrani hiyo ilimchoma Shadiah kuliko kemeo.

"Nesi, ngoja kidogo," alisema, machozi yakimlengalenga. "Nimeikwaruza. Sikubandika selotepu. Alama iko chini ya mkanda."

Baba alisogea mezani. Aliichukua saa, akaufungua mkanda, akautazama mstari. Halafu akafungua na upande wa pili, akafuta uchafu uliogandana pale. Chini yake palikuwa na mkwaruzo mwingine, mrefu kuliko ule wa Shadiah.

"Huu ni wangu," alisema kwa sauti ya chini. "Miaka tisa iliyopita, nilipokuwa naanza kazi. Niliufunika, nikanyamaza. Nisamehe, Nesi."

Nesi Gorret akacheka mpaka kitambaa cha kichwani kikalegea. "Niliuona mwaka ule ule, nikisafisha saa. Nilikuwa nangoja wewe useme."

"Miaka tisa?"

"Mimi ni mukunga, fundi. Kungoja ndiyo kazi yangu." Kisha akamgeukia Shadiah. "Wazee walisema mficha uchi hazai. Anayesema anaumia wapi ndiye anasaidiwa. Kukosea kazi si aibu, mutoto wangu, aibu ni kufunika. Immy nitamwonyesha alama zote mbili, aende nazo kazini."

Shadiah alijifuta machozi, akaenda zake kwenye ndoo. Akakuta baba ameshaikalia.

"Seremala nitamwona kesho," baba alisema. "Leo ndoo ni yangu. Wewe kaa kwenye kiti, umalizie kazi ya Nesi."

Shadiah akakaa, miguu ikining'inia, tabasamu likimjaa usoni. Akanyoosha mkono kuchukua bisibisi.

"Selotepu," wakasema baba na Nesi kwa pamoja.