Mita Sita Chini ya Nyumba ya Lusenge

Butembo hakuna ziwa. Lakini asubuhi ile Kavuo alipotoka misa aliikuta harufu ya ziwa chumbani mwake, matope na samaki wabichi. Akafungua madirisha. Harufu haikutoka. Kisha kitu kikalia ndani ya kabati, tii, tii, tii.

"Papa Lusenge," alimwita mumewe kwa sauti ndogo. "Ile saa ya marehemu iko nawaka yenyewe."

"Hapana kuigusa."

Ilikuwa kompyuta ya wapiga mbizi, nene kuliko saa ya kawaida, ya kufungwa mkononi. Mwenye nayo, marehemu Elikia, alikuwa mpiga mbizi bandarini Matadi kabla vita havijamkwamisha huku mashariki na mkewe Victorine. Mtumbwi uliobeba mashine ya kinu ya Lusenge ulipozama ziwani karibu na Kyavinyonge, mwaka uliopita, Lusenge alimwomba ashuke aifunge kamba. Kabla ya kuingia majini, Elikia alijifunga kamba ya pili kiunoni, akampa Lusenge ncha yake, kisha akamwonyesha kioo cha ile saa.

"Nikikawia sana kule chini, itaandika STOP. Hii namba ni mita, hii ni dakika. Ikisema mita sita, nasimama pale, dakika zinapunguka moja moja. Nikipita juu kabla ziishe, mushale unaonyesha chini na inalia: rudia chini. Sababu ile hewa iko mu damu, inapaswa kutoka polepole. Ukipanda mbio, damu inafanya kama bia wanafungua chupa mbio. Basi nikivuta kamba mara mbili, uniache kwanza."

"Nimesikia," Lusenge alisema.

Walikuwa wawili tu pale, Lusenge juu ndani ya mtumbwi mwingine. Elikia alipokuwa akipanda, askari walitokea ufukweni, wakapiga risasi hewani, wakiitaka mitumbwi yote. Lusenge akashikwa na woga, akavuta. Kamba ikatikisika mara mbili mikononi mwake. Akazidi kuvuta. Elikia akatoka majini macho yamemtoka, saa inalia, na jioni hiyo akafa, viungo vyote vikimuuma.

"Alipanda mwenyewe," Lusenge aliwaambia watu. "Alifanya haraka."

Neno hilo hilo likafika Mbau, alikokuwa Victorine. Watu wakasema ndivyo walivyo hao wa kutoka mbali, wanajidai kujua. Saa ikabaki kwa Lusenge. Aliona haya kuipeleka.

Sasa Kavuo alifungua kabati. Kioo kiliandika STOP, mita sita, dakika tisa, na mshale mdogo ulielekea chini. Hata mchana ile tisa haikupungua.

Padri wao, Abbé Stanislas, alikuja akanyunyiza maji ya baraka. Matone yalipogusa kioo, saa ikalia kwa nguvu zaidi, na chini ya sakafu ya simenti, pale waliposimama, wakasikia mtu anavuta pumzi, ndefu na nzito kama kupitia bomba la mpira, akaiachia kwa mapovu yaliyopanda yakigonga simenti kutoka upande wa chini, akavuta tena, na sauti hiyo ikamfuata Lusenge alipokwenda sebuleni, ikamfuata jikoni, ikasimama kila aliposimama, hadi watoto wakaanza kulia na Kavuo akapanda juu ya kiti bila kujua amepandaje.

"Irudishe kwa wenyewe," abbé alinong'ona. "Na useme yote."

Lusenge akaenda Mbau. Victorine alimpikia. Akamshukuru kwa kumzika mumewe vizuri, akaipokea saa kwa mikono miwili. Lusenge akala, akaaga. Habari ya kamba hakuigusia. Aliporudi Butembo, nyumba yake ilikuwa kimya, na akamshukuru Mungu, kisha akaona haya hata kwa shukrani hiyo, maana alijua ile pumzi ameiacha nyumbani mwa nani.

Adhuhuri moja Victorine alibisha hodi. Kavuo akamkaribisha kiti.

"Papa Lusenge," Victorine alisema, "bwana yangu alirudia. Namusikia anapumua chini ya kitanda. Hapana kuogopa, nilifurahi. Lakini haniite mie. Anaita jina yako. Anasema, 'Lusenge, uniache kwanza.' Kila siku ni ile tu. Nilikuja kuuliza, ulikuwa unamushika nini?"

Kavuo akamgeukia mumewe. Lusenge alitazama mikono yake.

"Kamba," alisema.

"Na yeye alikuomba umuache?"

"Mara mbili."

"Na mie nilimukasirikia," Victorine alisema polepole. "Mwaka muzima nilimukasirikia, juu ya kufanya haraka."

Akasimama aende. Lakini mvua kubwa ilikuwa imeanza, barabara imegeuka matope, na hakuwa na pa kwenda. Akakaa tena. Kavuo akavuta kiti chake akakiweka karibu na cha mgeni, mbali na mumewe. Chini ya sakafu hapakuwa na pumzi ya mtu; aliyoyataka Elikia yalikuwa yamesemwa. Wakakaa hivyo wote watatu, na mvua haikukatika hadi jioni.